Asilimia 62 za nani? Namna ya kusoma takwimu za masoko ya ubashiri zinazofika kwenye simu

Novemba 2025 kampuni ya Google ilitangaza kwamba itaanza kuonyesha takwimu za masoko mawili ya Marekani, Polymarket na Kalshi, kwenye huduma yake ya taarifa za fedha. Haya ni masoko ambako watu huweka fedha juu ya jambo ambalo bado halijatokea: nani atashinda uchaguzi, riba itapanda au itashuka, vita fulani vitakoma lini. Mwezi mmoja kabla ya hapo, kampuni ya Intercontinental Exchange ilisema itawekeza hadi dola bilioni 2 katika Polymarket na kuzisambaza takwimu zake kwa wateja duniani.

Mkulima wa Nzega anaweza kuona habari hiyo haimhusu. Lakini Intercontinental Exchange ndiyo inayomiliki Soko la Hisa la New York, na pia ndiyo inayoendesha soko la New York ambako pamba ya dunia huuzwa kwa mikataba ya miezi ijayo. Bei ya huko ni moja ya mambo yanayoamua mkulima wa Nzega na Igunga alipwe kiasi gani kwa kilo ya pamba mbegu. Kampuni hiyohiyo sasa inauza aina nyingine ya namba.

Namba hizo hazitaishia kwa wenye fedha wa New York. Waandishi wa programu wanatengeneza vyombo vinavyoiwezesha akili mnemba kuzichota moja kwa moja na kuzitumia katika majibu yake. Kijana akiuliza kwa simu, kwa Kiswahili, kama bei ya mafuta itapanda, anaweza kujibiwa: "Uwezekano ni asilimia 62." Jibu ni fupi na lina namba, kwa hiyo linaaminika haraka. Makala haya yanaeleza namba hiyo inatoka wapi, na mambo ya kuuliza kabla mtu hajauza au kuhifadhi mazao kwa sababu yake.

Soko la ubashiri linafanyaje kazi?

Tuchukue mfano wa kubuni, kwa shilingi. Kuna swali: "Je, jambo fulani litatokea kabla ya tarehe 31 Desemba?" Soko linatoa karatasi za aina mbili, za Ndiyo na za Hapana. Jambo likitokea, kila karatasi ya Ndiyo italipwa Sh1,000 na ya Hapana haitapata kitu. Lisipotokea, inakuwa kinyume chake.

Kabla ya tarehe hiyo watu wanauziana karatasi. Karatasi ya Ndiyo ikiuzwa Sh620, watu husema soko linaona uwezekano wa asilimia 62. Aliyenunua atapata faida ya Sh380 jambo likitokea, na atapoteza Sh620 zote lisipotokea.

Wanaobeti mpira watasema hii ni mikeka tu. Inafanana na mkeka kwa kuwa fedha inaweza kupotea yote. Tofauti ni kwamba kwenye kubeti kwa kawaida kampuni ndiyo inayopanga odi, na hapa bei hutokana na wanunuzi na wauzaji wenyewe. Tena karatasi inaweza kuuzwa kwa mtu mwingine kabla jibu halijajulikana. Habari mpya ikitoka, bei hupanda au hushuka papo hapo, na ndiyo sababu wachambuzi wengine huyapenda masoko haya: mwenye habari za uhakika ana sababu ya kuweka fedha, na fedha yake inaisogeza bei.

Hata hivyo soko huhesabu fedha, halihesabu watu. Wakulima mia moja wenye Sh1,000 kila mmoja wana jumla ya Sh100,000. Tajiri mmoja mwenye Sh1,000,000 ana uzito mara kumi ya wote hao. Kwenye uchaguzi wa Rais wa Marekani wa mwaka 2024, zaidi ya dola bilioni 3 zilizunguka katika swali moja la Polymarket, na soko lilikuwa limempa Donald Trump nafasi kubwa kabla ya kura kupigwa. Trump alishinda, na wengi walilisifu soko. Baadaye ilijulikana kwamba mtu mmoja kutoka Ufaransa alikuwa ameweka makumi ya mamilioni ya dola kwa kutumia akaunti kadhaa. Alipata faida ya zaidi ya dola milioni 80. Alikuwa sahihi, lakini aliyeiona asilimia ile kwenye simu hakuwa na njia ya kujua ni kiasi gani cha namba hiyo kilitoka kwenye mfuko mmoja.

Blokicheni inaingia wapi?

Polymarket, iliyoanzishwa mwaka 2020, huandika mauzo yake kwenye blokicheni iitwayo Polygon, na malipo yamefanyika kwa USDC, sarafu ya kidijitali ambayo thamani yake imefungwa kwenye dola ya Marekani. Kalshi haikuanza hivyo. Yenyewe ilijengwa kama soko la kawaida lililosajiliwa na wasimamizi wa Marekani.

Blokicheni ni daftari la pamoja. Fikiria daftari la mizani la AMCOS ambalo nakala yake iko kwa maelfu ya watu kwa wakati mmoja. Karani hawezi kuchana ukurasa au kubadilisha kilo usiku, kwa sababu nakala nyingine zitamuumbua. Kwa hiyo yeyote anaweza kuona ni karatasi ngapi zimeuzwa, kwa bei gani, na saa ngapi.

Hiyo ni faida ya kweli. Ila daftari linalinda kilichoandikwa tu. Mzani ukiwa umechezewa, kilo za uongo zitaandikwa vizuri na kuhifadhiwa milele. Vilevile daftari huonyesha namba ya akaunti bila kumtaja mtu. Mtu mmoja anaweza kuwa na akaunti kumi na moja, akaonekana kama kikundi.

Nani anaamua jibu?

Siku ya mwisho ikifika, lazima mtu aseme jambo limetokea au halikutokea. Katika masoko mengi ya Polymarket kazi hiyo hupitia utaratibu uitwao UMA. Mtu hupendekeza jibu na kuweka dhamana ya fedha. Asipotokea wa kumpinga ndani ya muda uliowekwa, jibu hupita. Akipingwa, suala linaweza kwenda kwenye kura, na wapiga kura ni wenye tokeni za UMA. Mwenye tokeni nyingi ana kura nyingi.

Machi 2025 utaratibu huo ulileta mzozo. Swali lilihusu kama Ukraine ingekubali mkataba wa madini na serikali ya Trump kabla ya Aprili. Mkataba ulikuwa haujasainiwa, na ulikuja kusainiwa tarehe 30 Aprili. Hata hivyo jibu lililopitishwa lilikuwa Ndiyo. Mmiliki mmoja mkubwa wa tokeni alikuwa amepiga kura zipatazo milioni 5, karibu robo ya kura zote. Soko hilo lilikuwa limezungusha takriban dola milioni 7. Polymarket ilikiri kwamba jambo hilo halikutarajiwa, lakini haikurudisha fedha za waliopoteza.

Kwa hiyo asilimia 62 inaweza kuwa na maana mbili. Inaweza kuwa makadirio ya kama jambo litatokea. Inaweza pia kuwa makadirio ya kama waamuzi watasema limetokea. Kwa kawaida hayo mawili hukutana, lakini si kila siku.

Wakala wa akili mnemba ni nani?

Huyu si wakala wa kutoa na kuweka fedha pale stendi ya Nzega. Wakala wa akili mnemba ni programu inayopewa kazi na kuifanya kwa hatua kadhaa yenyewe: kutafuta taarifa, kulinganisha, kisha kuandika jibu au kutekeleza jambo. Ili afike kwenye taarifa za nje anahitaji chombo, yaani programu ndogo inayofungua dirisha la takwimu. Mwaka 2024 kampuni ya Anthropic ilitoa utaratibu wa wazi uitwao Model Context Protocol, ambao umerahisisha kuunganisha vyombo vya namna hii na akili mnemba.

Kila chombo huambatana na maelezo ya matumizi. Zamani maelezo hayo yalisomwa na fundi wa kompyuta, na akikuta pengo alipiga simu kuuliza. Sasa msomaji wa kwanza ni wakala mwenyewe. Yeye husoma maelezo, anaamua chombo kipi kinafaa, anachukua namba, kisha anaipeleka kwa mtu aliyeuliza. Maelezo yasiposema namba ni ya nini, wakala anaweza kujaza pengo kwa kukisia, tena kwa sauti ileile ya uhakika.

Gunia la kilo 100 au lumbesa?

Mkulima wa Nzega anajua hatari ya namba isiyo na kipimo. Mtu akipiga simu kutoka mjini akasema, "Gunia la mpunga nachukua kwa bei hii," swali la kwanza ni gunia gani. Gunia la kilo 100 na gunia la lumbesa yote huitwa gunia, na tofauti yake ni fedha ya ada ya mtoto.

Asilimia ya soko la ubashiri ina lumbesa zake. Chukua bei inayoonyeshwa na Polymarket. Kwa kawaida si bei ambayo mtu amenunulia. Ni katikati ya bei ya juu anayotoa mnunuzi na bei ya chini anayotaka muuzaji. Katika mfano wetu, mnunuzi anatoa Sh600, muuzaji anataka Sh640, na skrini inaonyesha 62. Huenda hakuna hata mmoja aliyeuza wala kununua kwa Sh620. Pengo kati ya wawili hao likizidi senti 10 za dola, soko huonyesha badala yake bei ya mauzo ya mwisho. Katika swali lisilo na wateja wengi, mauzo hayo yanaweza kuwa ya zamani.

Kwa hiyo maelezo mazuri ya chombo humwagiza wakala asitoe asilimia peke yake. Aieleze pamoja na maneno kamili ya swali na masharti ya kuliamua, saa ambayo bei ilichukuliwa, na kama bei hiyo ni ya katikati au ya mauzo ya mwisho. Aseme pia kuna fedha kiasi gani sokoni, na kama swali bado liko wazi, limefungwa au lina mgogoro. Chombo chenye maelezo hayo humwezesha wakala kujibu: "Bei ni 62, lakini fedha ni kidogo na mauzo ya mwisho ni ya juzi." Chombo kisicho nayo kitatoa 62 tu.

Kuna suala jingine ambalo maelezo lazima yaliseme wazi: chombo kinasoma tu, au kinaweza pia kununua? Kusoma bei za Polymarket hakuhitaji akaunti wala malipo. Kununua kunahitaji ufunguo wa siri wa pochi ya kidijitali. Mwenye ufunguo huo ana fedha, kama vile mwenye namba yako ya siri ya simu alivyo na fedha yako. Wakala aliyepewa ufunguo anaweza kukosea na kutumia salio lote. Anaweza pia kusoma mtandaoni maandishi yaliyopandwa na tapeli, yenye maagizo ya kuhamisha fedha, akayatii kana kwamba yametoka kwa bosi wake.

Nzega na bei za mbali

Watu wa Unyamwezi wameishi na bei za mbali kwa muda mrefu. Katika karne ya 19 Tabora ilikuwa kituo kikubwa cha misafara kati ya Pwani na Ziwa Tanganyika. Burton na Speke walipokuja mwaka 1857, iliwachukua zaidi ya miezi minne kutoka Pwani hadi Tabora, iliyoitwa Kazeh na wasafiri hao. Habari za bei ya meno ya tembo kule Unguja zilitembea kwa miguu ya wapagazi. Aliyezipata mapema alinunua kwa asiyezijua. Baadaye ikaja bei ya pamba, kisha bei ya dhahabu, ambayo Nzega iliifahamu vizuri wakati wa mgodi wa Golden Pride pale Lusu.

Lakini nyuma ya bei hizo zote palikuwa na mali. Mkataba mmoja wa pamba katika soko la New York ni wa ratili 50,000, na anayeushikilia hadi mwisho anaweza kudaiwa au kukabidhiwa marobota ya kweli. Karibu zaidi na sisi, Soko la Bidhaa Tanzania, TMX, huendesha minada ya kielektroniki ya mazao yaliyo ghalani, yakiwemo choroko, dengu na ufuta. Mnunuzi akishindana kwa bei pale, mzigo upo, uzito unajulikana, na wakulima husikia bei kabla ya kukubali.

Kwenye soko la ubashiri hakuna ghala. Fedha inayopatikana na mmoja imetoka kwa mwenzake. Isitoshe, maswali yanayovuta fedha nyingi ni ya siasa za Marekani, michezo na sarafu za kidijitali. Mtu akiuliza kuhusu bei ya choroko, wakala anaweza kuokota swali la karibu, kama lile la bei ya mafuta duniani au thamani ya dola, akajenga jibu juu yake. Jibu litakuwa na asilimia, lakini haitakuwa asilimia ya choroko.

Linganisha na utabiri wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Tabora hupata mvua za msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili. Utabiri wa TMA hutaja eneo, miezi, na kama mvua zinatarajiwa kuwa za wastani, juu ya wastani au chini ya wastani. Unaweza kukosea, lakini anayeutoa anajulikana, na mkulima anaweza kumuuliza afisa ugani maana yake kwa kata yake.

Sheria inasemaje?

Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tangazo kwamba sarafu za kidijitali si fedha halali nchini. Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliitaka Benki Kuu ianze kujiandaa kwa mabadiliko hayo. Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye uhamishaji wa mali za kidijitali. Kutozwa kodi si sawa na kulindwa. Michezo ya kubahatisha kwa upande wake iko chini ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania, na anayeiendesha anatakiwa kuwa na leseni. Fedha ikipotea kwenye soko la nje linalotumia sarafu ya kidijitali, mkazi wa Nzega atapata shida kujua alalamike ofisi gani.

Hata Marekani mambo hayakuwa mepesi. Januari 2022 wasimamizi wa masoko ya bidhaa wa nchi hiyo waliitoza Polymarket faini ya dola milioni 1.4 kwa kuendesha soko bila usajili. Mwaka 2025 kampuni hiyo ilinunua soko lililokuwa na leseni ili irudi kuhudumia Wamarekani.

Hatari iliyo karibu zaidi na kijijini ni matapeli wanaotumia majina ya mambo haya. Wengi wanakumbuka DECI, mchezo wa upatu uliosimamishwa na serikali mwaka 2009 watu wakiwa wameshapanda mbegu zao humo. Leo ahadi ileile inaweza kuja kwenye kundi la WhatsApp kwa jina jipya: wakala wa akili mnemba anayebashiri bila kukosea, tuma fedha akuzalishie. Takwimu za masoko haya zinasomwa bure. Anayetaka umlipe ili akufungulie anakuuzia kitu ambacho si chake.

Maswali manne kabla ya kuamua

Simu ikikupa asilimia, irudishie maswali haya, kwa Kiswahili cha kawaida tu:

1. Swali lenyewe lilikuwaje, neno kwa neno? Kama halitaji zao lako wala nchi yako, jibu si la kwako.

2. Bei hiyo ni ya lini, na kuna fedha kiasi gani nyuma yake? Fedha kidogo ina maana kwamba mtu mmoja anaweza kuisogeza.

3. Nani ataamua jibu, na kwa masharti gani?

4. Chombo kinasoma tu, au kimepewa uwezo wa kutumia fedha?

Wakala akishindwa kujibu mawili ya kwanza, namba yake iwekwe pembeni. Kwa bei ya pamba, sikiliza Bodi ya Pamba na AMCOS yako. Kwa choroko na dengu, fuatilia matokeo ya minada ya TMX. Kwa mvua, msikilize TMA na afisa ugani. Namba za soko la ubashiri zinaweza kusaidia kujua wenye fedha wa mbali wanawaza nini kuhusu vita, mafuta au riba, mambo ambayo mwishowe hugusa nauli na bei ya mbolea. Kuuza gunia leo au kulihifadhi hadi Februari ni uamuzi unaotaka habari za gunia lenyewe.